Nani Apite Kwanza? Hotuba juu ya Miji Midogo na Maisha ya Watu Wake

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji, viongozi wa mitaa, wazee wetu, vijana, mabibi na mabwana. Naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo kimoja kimoja jua litatua kabla hatujaigusa mada.

Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya miji midogo. Niondoe dhana moja kwanza. Ukitaja neno mji, akili za wengi hukimbilia majiji makubwa yenye maghorofa, madaraja ya juu kwa juu na treni za chini ya ardhi. Lakini kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, karibu nusu ya wakazi wote wa mijini duniani wanaishi kwenye miji yenye watu chini ya 500,000. Huko ndiko maisha ya mijini yalipo kwa sehemu kubwa. Mji mdogo si jiji lililochelewa kukua, wala haudaiwi kufanana na jiji lolote. Una nguvu zake. Unaweza kuuvuka kwa miguu. Meya hukutana na wananchi wake sokoni, na akiharibu huambiwa hapo hapo. Na uamuzi ukipitishwa Jumatatu, mwezi haujaisha watu wameshaona matokeo yake mtaani.

Hoja yangu leo ni moja. Mji mdogo huendelea pale unapoamua kwa uwazi nani apite kwanza, kisha ukakaa na uamuzi huo kwa miaka mingi. Nikisema "nani apite kwanza" simaanishi foleni ya ofisini. Naongelea barabara, maji, taka, ardhi. Kila mita ya mji ina watu wanaoigombea, na mji usioamua umeshaamua tayari: umempa mwenye nguvu.

Niuchukue mji wa Pontevedra, Hispania, kule Galicia, kaskazini-magharibi mwa nchi. Una wakazi takriban 83,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu yake ya kale ilikuwa imechoka. Magari yalijaa hadi kwenye vichochoro, dawa za kulevya ziliuzwa, ajali hazikuisha, na aliyekuwa na uwezo wa kuhama alihama. Mwaka 1999 akaingia madarakani meya mpya, Miguel Anxo Fernández Lores, daktari kwa taaluma, baada ya kukaa upinzani miaka 12. Yeye na wenzake walijaribu kwanza kufanya kile ambacho kila halmashauri hujaribu, yaani kutafuta namna ya kurahisisha mwendo wa magari. Hawakuipata. Wakaligeuza swali. Badala ya kuuliza magari yapite vipi, wakauliza: hii nafasi ni ya nani?

Ndani ya mwezi mmoja eneo lote la mji wa kale, kama mita za mraba 300,000, likawa la waenda kwa miguu. Mnisikilize vizuri hapo. Mwezi mmoja. Hawakusubiri mpango kabambe wa miaka 20, wala mfadhili. Gharama zilibebwa na mji wenyewe, bila msaada wa serikali kuu wala ya jimbo. Mawe ya matale yakatandazwa njia nzima, ukingo wa barabara ukaondolewa, na mtu mwenye kiti cha magurudumu akaweza kwenda kutoka duka moja hadi lingine bila kunyanyuliwa na mtu.

Sasa, wengi mkisikia habari hii mnafikiri gari lilipigwa marufuku. Hapana, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Waliyachunguza magari yaliyokuwa katikati ya mji wakaona hayafanani. Kuna gari linalokatiza tu, linatoka upande huu kwenda upande ule na halina shida na katikati. Kuna gari linalozunguka na kuzunguka likitafuta pa kuegesha. Na kuna gari lenye kazi pale: linaleta mzigo dukani, linampeleka mgonjwa, linamrudisha mkazi mwenye gereji yake, linamsaidia mwenye ulemavu. Aina mbili za kwanza ndizo zilizokuwa zinaujaza mji. Basi njia za kukatiza zikafungwa, na maegesho ya juu ya ardhi katikati ya mji yakaondolewa. Mwenye gari akapewa maegesho ya chini ya ardhi, na pembezoni akapewa nafasi zaidi ya 1,600 bila malipo, anaacha gari na kumalizia kwa miguu. Aina ya tatu ya gari ikaendelea kuingia, ila polepole.

Taa za kuongozea magari karibu zote zikatoweka, maana watu wakienda taratibu huonana usoni na kupishana. Mwaka 2010 kikomo cha mwendo kikawa kilomita 30 kwa saa. Nitakaa kidogo kwenye namba hiyo, kwa sababu kuna madereva humu ndani na nimeshasikia mmoja akiguna.

Dereva akiona mtoto ameingia barabarani, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa kilomita 30, gari huwa limekwenda zaidi kidogo ya mita 8 katika sekunde hiyo, kisha linahitaji kama mita 5 kusimama. Jumla mita 13. Kwa kilomita 50, sekunde ile ile moja inalipeleka gari karibu mita 14, na breki bado haijaguswa. Maana yake ni kwamba pale gari la kilomita 30 limeshasimama kabisa, la kilomita 50 halijaanza hata kupunguza mwendo. Linampiga mtoto kwa kasi yake yote. Hiyo ni hesabu ya darasani tu, na haijali dereva ana uzoefu wa miaka mingapi.

Matokeo? Katika mitaa ambayo watu 30 walikufa kwa ajali kati ya 1996 na 2006, miaka kumi iliyofuata walikufa watatu. Hewa chafu ya kaboni ilipungua kwa takriban asilimia 70. Safari nyingi zilizokuwa zinafanywa kwa gari zikawa za miguu na baiskeli. Na wakati miji mingine ya eneo lile ilikuwa inapoteza watu, sehemu ya kati ya Pontevedra ilipata wakazi wapya kama 12,000. Mwaka 2014 mji ule ulipewa Tuzo ya Dubai inayotolewa kwa kushirikiana na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa.

Tuzo ni kitu kizuri cha kuweka kabatini. Mimi nilichokipenda zaidi ni ramani. Mwaka 2011 walichora ramani ya mji kwa mtindo wa ramani za treni za chini ya ardhi, zile zenye mistari ya rangi, ila wao hawana treni yoyote. Mistari inaonyesha njia za miguu, na kati ya kituo na kituo pameandikwa dakika za kutembea. Kutoka uwanja huu hadi soko lile, dakika tano. Hadi hospitali, dakika kumi na kitu. Gharama yake ni karatasi na wino. Lakini mtu aliyekuwa anaamini hospitali ni mbali akaiona kwa macho kuwa ni jirani. Miji mingine mingi ya Ulaya ikaiga.

Wenye maduka je? Waligoma? Walilalamika, tena sana, na msimamo wa wafanyabiashara ni ule ule kila mahali: magari yakiondoka na wateja wanaondoka. Hofu hiyo si ya kudharau, kwa sababu mwenye duka ana pango la kulipa mwisho wa mwezi na hawezi kula majaribio ya halmashauri. Lakini fikirini: gari moja lililoegeshwa linachukua kama mita za mraba 12, na mara nyingi limeleta mtu mmoja, ambaye pengine ni mwenye duka mwenyewe, na gari lake linakaa mbele ya mlango wake mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni. Halmashauri ya Pontevedra ilifanya jambo jingine ambalo halitajwi sana: ilikataa kutoa vibali vya maduka makubwa ya kisasa katika mji. Huwezi kumwambia muuza viatu wa mtaani avumilie ujenzi mbele ya mlango wake, kisha nyuma yake ukamruhusu tajiri ajenge duka kubwa lenye maegesho ya magari elfu moja pembezoni. Maamuzi yale mawili yalikwenda pamoja, na nadhani bila lile la pili, la kwanza lingeshindwa.

Na Lores akachaguliwa tena, na tena. Nasema hivyo kwa faida ya waheshimiwa madiwani mnaoogopa kura.

Kuna na Hoboken, mji wa New Jersey, Marekani, wenye watu wapatao 60,000 waliobanana kwenye eneo la maili moja ya mraba hivi. Wenyewe hawakufunga mitaa. Walikwenda kwenye kona za njia panda na kuondoa maegesho yaliyo karibu na vivuko, ili mvukaji amwone dereva na dereva amwone mvukaji. Penye nafasi hiyo wakaweka vizuizi, maegesho ya baiskeli au bustani ndogo za kunyonya maji ya mvua. Tangu Januari 2017 mji ule ulipita zaidi ya miaka saba bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali barabarani. Rangi na vigingi. Hakuna mhandisi aliyelazimika kwenda masomoni ng'ambo.

Niache barabara sasa, niende kwenye taka.

Capannori ni manispaa ya Toscana, Italia, karibu na Lucca, yenye wakazi kama 46,000. Mwaka 1997 ulikuja mpango wa kujenga tanuri la kuchomea taka. Mwalimu wa shule ya msingi, Rossano Ercolini, akaona wanafunzi wake watavuta ule moshi. Akaanza kuwaelimisha majirani, na mradi ukasimamishwa. Wanaharakati wengi huishia hapo: wameshinda, wanaondoka na picha. Swali la taka lenyewe likabaki, na safari hii Ercolini alipewa kazi ya kulijibu. Ukisema tusichome, haya, tufanye nini?

Mwaka 2005 wakaanza kukusanya taka mlango kwa mlango, tena wakaanza na vijiji vidogo vya manispaa, ambako kosa likitokea linarekebishika haraka. Walipomaliza kijiji kimoja wakaenda kingine. Kabla ya kila hatua watu waliitwa kwenye mikutano, wakaulizwa maoni, na wahamasishaji wakapita nyumba hadi nyumba na vifaa na maelezo: ndoo ya mabaki ya jikoni hii, mfuko wa karatasi huu. Kufikia 2010 huduma ilikuwa imeenea manispaa nzima, na asilimia 82 ya taka zilikuwa zinatenganishwa majumbani. Mwaka 2007 Capannori ilikuwa imeshaahidi rasmi kuelekea kwenye taka sifuri, ya kwanza Ulaya kufanya hivyo. Fedha zilizookolewa kwa kutopeleka taka dampo zilisaidia kushusha tozo na kuajiri watu. Ercolini alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2013.

Lakini kuna kitu walifanya ambacho ningependa kila afisa afya wa mji aige. Walikaa na kile kilichobaki, ile asilimia isiyotenganishika, wakakipekua. Walikuta nini? Miongoni mwa vingine, vikopo vidogo vya kahawa vya kutumia mara moja. Wakawaandikia watengenezaji wa kahawa: bidhaa yenu haina pa kwenda, tufanye nini? Manispaa ya watu 46,000 inayaandikia makampuni makubwa na kuwauliza swali! Huo ndio utawala. Kulaumu wananchi kuwa ni wachafu ni rahisi, na sisi tunaongea mno kuhusu wananchi wachafu. Mwananchi akipewa ndoo, siku ya gari kupita, na gari likapita kweli siku hiyo, huwa msafi kuliko tunavyomdhania. Gari lisipokuja mara mbili, mara ya tatu taka ziko mtaroni, na hapo mwenye hatia ni nani?

Maneno "likapita kweli siku hiyo" yanibebe hadi kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni matengenezo. Kila mtu anapenda kukata utepe. Jiwe la msingi lina jina lako, picha inatoka gazetini. Hakuna aliyewahi kupigwa picha akibadilisha gasketi ya bomba. Sote tunaujua usemi wa ufa na ukuta. Ni bajeti zetu ndizo hazijausikia. Fedha za kujenga zipo, kwa sababu za kujenga huombwa kwa wafadhili. Za kutunza lazima zitoke kwenye mapato yetu wenyewe, mwaka baada ya mwaka, na ndizo za kwanza kukatwa.

Mfano wangu hapa ni wa jiji, si mji mdogo, mnivumilie. Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993, baada ya miaka ya vita. Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji, asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalipotea njiani: yalivuja, yaliibwa, au yalifika kwa watu wasiolipa, wakiwemo wakubwa. Angeweza kuomba mtambo mpya. Mtambo mpya ungemwaga maji mapya ardhini kupitia matundu yale yale. Yeye akaanza na mita. Kila mteja awe na mita, kila mita isomwe, kila ankara ilipwe, na asiyelipa akatiwe. Alipokwenda nyumbani kwa jenerali mmoja aliyegoma kulipa, jenerali akamwelekezea bastola. Ek Sonn Chan akaondoka, akarudi na askari wa jeshi wenye silaha, na maji yakakatwa. Jenerali akalipa.

Baada ya hapo nani mwingine angegoma? Hapo ndipo lile swali la nani apite kwanza lilipojibiwa mbele ya mji mzima. Mapato yakapanda, wafanyakazi wakalipwa vizuri, vikosi vya kutafuta mivujo vikawa kazini usiku na mchana, na kufikia mwaka 2008 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, kiwango ambacho majiji mengi tajiri hayajakifikia. Maji yakatoka saa 24. Na maskini waliokuwa wananunua maji ya ndoo kwa bei ya juu kuliko ya bomba wakaunganishwa, kwa ada ya kuunganishwa iliyopunguzwa kulingana na hali ya kaya. Ek Sonn Chan alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo maarufu ya Asia, mwaka 2006.

Mji mdogo una nafasi nzuri zaidi ya kufanya haya, kwa sababu mabomba yake yanahesabika na wakubwa wake wanafahamika kwa majina. Hilo la pili, najua, ndilo linalotisha. Anayetakiwa kukatiwa maji ni shemeji yako, au ndiye aliyechangia harusi ya mwanao. Jijini mtendaji anajificha nyuma ya umati. Hapa hakuna pa kujificha, na dawa pekee ninayoijua ni kanuni moja kwa wote, iliyobandikwa ukutani kabla hajatokea mtu wa kuivunja.

Kuna mambo madogo sitayapitia kwa kirefu, ila moja siwezi kulipita: choo. Tunasema maisha bora, tunataja intaneti na bustani, na mama aliyetoka kijijini na mtoto mgongoni anatembea mji mzima hana pa kujisaidia. Mzee mwenye kisukari hatoki nyumbani kwa sababu hiyo hiyo tu. Halmashauri zikijenga choo cha umma, mara nyingi hufa ndani ya miaka michache kwa kukosa maji na mlinzi. Mji wa Aalen, Ujerumani, wenye watu wasiofika 70,000, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipita njia nyingine. Ulizungumza na wenye migahawa na maduka: choo chako kiache wazi kwa yeyote, hata asiyenunua kitu, bandika kibandiko mlangoni, nasi tutakulipa kila mwezi. Mji unalipa kidogo kuliko gharama ya kujenga na kulinda, mwenye mgahawa anapata fedha na watu wanaoingia, na choo kinakuwa safi kwa sababu mwenyewe yupo. Miji mingi ya Ujerumani imeiga. Ningekuwa diwani, huu ndio muswada wangu wa kwanza, na nisingeona haya hata kidogo.

Niseme na juu ya wananchi kushirikishwa, maana ni neno linalotajwa kila kikao na mara nyingi halina kitu ndani. Chattanooga, mji wa Tennessee, Marekani, mwaka 1969 ulitangazwa na serikali ya nchi hiyo kuwa wenye hewa chafu kuliko yote. Viwanda vilipoanza kufungwa, moshi ukapungua na ajira nazo zikapungua. Mwaka 1984 waliita watu. Zaidi ya wakazi 1,700 walishiriki katika mfululizo wa mikutano, wakatoka na malengo 40. Tofauti ni kwamba orodha haikuingia kabatini. Daraja kuukuu la Walnut Street, lililokuwa limefungwa na kusubiri kubomolewa, likakarabatiwa na kufunguliwa mwaka 1993 kwa waenda kwa miguu. Ukingo wa mto ukarudi mikononi mwa wananchi. Mwaka 2010 kampuni ya umeme inayomilikiwa na mji ikaanza kutoa intaneti ya gigabiti moja kwa sekunde, ya kwanza nchini kwa mji mzima, wakati makampuni makubwa ya mawasiliano yakidai hakuna anayehitaji kasi hiyo. Yalikwenda hadi mahakamani kuuzuia mradi, na yakashindwa.

Kipimo changu cha ushirikishwaji ni hiki: baada ya mkutano, kuna kitu chochote kilichobadilika kwenye mpango kwa sababu ya alichosema mtu asiye na cheo? Kama hakuna, ile ilikuwa semina na chai.

Na sasa sehemu chungu, ambayo wasifiaji wa miji hii huiruka. Mtaa ukitengenezwa, ukawekwa taa, miti, njia nzuri na maji ya uhakika, ardhi yake hupanda bei. Pango hupanda. Aliyevumilia mtaa ule ulipokuwa na tope na giza ndiye anayeondoka, na anayekuja kufurahia ni mwingine mwenye kipato kikubwa. Wachuuzi waliokuwepo miaka yote wanaambiwa wanaharibu mandhari. Halmashauri inajipongeza kwa takwimu za mtaa kuboreka, kumbe kilichoboreka ni mtaa, watu ni wengine. Hewa safi na njia tulivu zikishakuwa bidhaa za anayemudu, basi tumetumia kodi ya wote kuwanunulia wachache.

Hili halina dawa ya haraka, na mwenye kusema analo jibu jepesi mtilieni shaka. Ila upo mji ulioliwahi mapema: Ulm, kusini mwa Ujerumani, watu kama 125,000. Tangu karne ya 19 mji ule umekuwa ukinunua ardhi, polepole, bila kelele, hasa kabla haijapangiwa matumizi ya kujenga, wakati bei bado ni ya shamba. Eneo jipya halifunguliwi kwa ujenzi mpaka mji umeshaimiliki ardhi yake. Akiuziwa mtu kiwanja, anatakiwa akijenge ndani ya muda maalumu, na asipojenga au akitaka kukiuza kikiwa kitupu, kinarudi kwa mji kwa bei ile ile aliyonunulia. Kwa hiyo hakuna faida ya kukaa na kiwanja ukisubiri barabara ya lami ipite ili utajirike. Thamani inayoletwa na lami ya umma inabaki kwa umma, na ndiyo inayogharamia nyumba nafuu, shule na njia.

Mameya wamekuja na kuondoka Ulm, vyama vimepokezana, vita kuu mbili zimepita, mji ukapigwa mabomu mwaka 1944 na kuungua, na ofisi ya ardhi ikaendelea kununua. Sera hiyo haiwezi kukamilika ndani ya muhula wa mtu yeyote aliyeketi humu. Diwani anayeipigia kura leo atakuwa ameshastaafu itakapoanza kuonekana faida yake, na kiwanja alichokisaidia kununuliwa watajenga watu ambao hawajui jina lake.

Mwenyekiti, naona umeshatazama saa mara mbili. Ardhi ni jambo ambalo ningependa tulijadili kwenye maswali kuliko mengine yote, ikiwemo nani kati yetu ana viwanja vitupu kwenye njia ya barabara mpya. Nakushukuruni sana kwa kunisikiliza.